Kabati la vifaa liingie kwenye bajeti ya karakana

Ndugu Mhariri,

Vikundi vya vijana wa useremala Mtwara na Lindi vinapoandika andiko la kuomba mkopo wa halmashauri (ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani), orodha ya vifaa hufanana: randa, misumeno, seti ya patasi, jiliwa, keekee, tupa, nyundo. Mahali pa kuviweka hapaandikwi. Vifaa huishia kwenye kiroba au sanduku la bati, na mvua za Desemba hadi Aprili zikipita, patasi zimeshika kutu hadi kwenye makali. Tunaomba nafasi tueleze namna kabati la kuyazuia hayo linavyotengenezwa, kwa wanaoishi karibu na bahari.

Bati hupoa haraka usiku, na unyevu wa hewa iliyofungiwa ndani hugeuka matone juu ya chuma. Mbao hupoa polepole, tena hufyonza unyevu na kuuachia hewa inapokauka. Kuna na chumvi: upepo wa bahari huibeba, na ikishatua juu ya chuma huvuta maji hewani hata siku ya jua. Ndiyo maana hatukubaliani na mafundi wanaotoboa matundu ya hewa kwenye kabati la vifaa. Matundu ni ya kabati la nguo. Hili lifunge vizuri.

Mbao bora ni mninga. Hausinyai sana, randa inaupenda, na moyo wake mchwa hawausumbui kirahisi. Mtiki nao unafaa. Mkongo ni imara lakini mzito, na kabati hili linaning'inia ukutani. Paini itumike kwa rafu na vishikio tu, kwa sababu bungua na mchwa huila upesi. Ile paini ya kijani iliyowekwa dawa ya shaba isiguse chuma kabisa: dawa hiyo huharakisha kutu. Nunua kwa mwenye vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania na udai risiti, usije ukanyang'anywa mbao njiani.

Kinachoharibu makabati mengi ni mbao mbichi. Ubao husinyaa kwa upana, si kwa urefu, kwa hiyo viungo hufunguka na milango hupinda. Zaidi ya hapo, maji yanayotoka kwenye ubao mbichi yanabaki humo humo na vifaa. Panga mbao kivulini, ukizitenganisha kwa vijiti vya inchi 1 kila baada ya nusu mita. Chukua kipande kimoja, kipime kwenye mizani ya dukani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao ziko tayari. Wakati mzuri wa kukata na kuunga ni Juni hadi Oktoba.

Vipimo vyetu ni urefu sentimita 90, upana 70. Urefu huo una sababu: msumeno wa mkono wa inchi 26, ukihesabu na mpini, unakaribia sentimita 80. Nunua mbao mbili za inchi 1 kwa 10 za futi 12. Ubavu mbili za sentimita 90, pamoja na dari, sakafu na rafu moja za sentimita 67.4 kila moja, zinataka sentimita 382, na ubao wa futi 12 una 366 tu. Masalia ya ubao wa pili yatatoa vishikio na mbao za kutundikia. Ongeza mbao mbili za inchi 1 kwa 3 za futi 12 kwa fremu za milango, na plaiwudi moja ya milimita 6 ya futi 4 kwa 8. Zaidi ya nusu ya plaiwudi itabaki.

Baada ya randa ubao wa inchi 1 hubaki kama milimita 20. Chonga mifereji ya kina cha milimita 7 kwenye ubavu ili dari, sakafu na rafu viingie humo kwa gundi nyeupe na skrubu. Anayepigilia misumari kichwani mwa ubao bila mfereji anategemea msumari peke yake kubeba uzito wote. Gundi ikiwa bado mbichi, pima kona hadi kona pande zote mbili. Namba zikitofautiana, kabati limekwenda mshazari na milango haitakaa. Sukuma kona yenye urefu mkubwa hadi zilingane, kisha funga plaiwudi ya mgongo kwa skrubu kila sentimita 15. Plaiwudi hiyo ndiyo itakayolinda mraba.

Kila mlango ni sanduku la kina cha sentimita 7, upana 34.8, ili katikati ibaki nafasi ndogo ya mbao kuvimba wakati wa mvua. Nafasi hiyo izibwe kwa kipande chembamba kilichogandishwa kwenye mlango mmoja. Plaiwudi ya mlango iingie kwenye mfereji wa fremu na itiwe gundi kotekote, maana skrubu inayoingia kichwani mwa ubao haishiki kama ya ubavuni. Weka bawaba tatu za shaba za inchi 3 kila mlango. Mbili hazitoshi, kwa kuwa mlango wenyewe unabeba vifaa. Skrubu za shaba hukatika kirahisi: toboa kwanza, ingiza skrubu ya chuma ya saizi ile ile, itoe, ndipo uingize ya shaba iliyopakwa sabuni.

Ndani kuna uhuru, ila misumari isitumike kama vitundikio. Mafundi wa vinyago hutupa vipande vya mpingo vinavyofaa kwa vigingi vya milimita 10. Tia vigingi kwenye matundu yaliyoinama kidogo ili ncha ielekee juu (vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua, funga pua). Misumeno miwili inakaa mlango mmoja, mmoja ukiangalia juu na mwingine chini. Patasi zikae mlango wa pili, kwenye ubao wenye matundu yaliyo wazi kwa mbele, sentimita 5 kutoka katikati hadi katikati, na kishikio kisitokeze zaidi ya sentimita 5 la sivyo mlango haufungi. Randa zilale kwenye rafu, chini ya pua yake pakiwa na kijiti chembamba ili wembe usiguse ubao. Sponji usitie. Inapendeza machoni, lakini inahifadhi maji na chumvi.

Vanishi ipakwe nje, na mgongo upakwe kabla ya kutundika. Huo ndio husahaulika, nao ndio unaotazama ukuta wenye unyevu. Vifaa vipanguswe kwa mafuta ya cherehani. Oili chafu ya gari ina asidi, iacheni.

Kutundika: pasua ubao wa upana wa sentimita 15 kwa urefu wake, msumeno ukiinama nyuzi 45. Nusu moja ifungwe ukutani, nyingine nyuma ya kabati, zikumbatiane. Ya kabati isishike plaiwudi tu, itachomoka. Weka ndani, chini ya dari, ubao wa inchi 4 wa kupokea skrubu. Ukutani zitoshe skrubu nne za inchi 3 na plagi zake za plastiki zinazotiwa ukutani kushika skrubu. Unene wa mbao hizo unaacha upenyo wa hewa nyuma, basi chini nako weka kipande cha unene huo huo. Kwenye nyumba za zamani za Mikindani, za mawe ya matumbawe na chokaa, plagi hazishiki: kabati lisimame kwa miguu, na miguu iwekwe juu ya matofali kuzuia mchwa.

Ombi letu kwa maofisa maendeleo ya jamii wanaopitia maandiko hayo: mbao hizi nne, plaiwudi, bawaba sita na kufuli vionekane kwenye orodha kabla andiko halijapitishwa. Na walimu wa useremala wa vyuo vya ufundi stadi vya VETA Mtwara na Lindi walifanye kabati hili kazi ya vitendo, ili mhitimu aondoke nalo.

Mafundi seremala,
Mikindani, Mtwara