Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Tulipoiacha Lami

Ndugu wanachama, Bwana Yesu asifiwe.

Nawashukuru mliofika hapa Moshi leo, hasa mliotoka Siha na Usa River mkadamka kuwahi gari la kwanza. Katiba yetu inamtaka mwenyekiti aeleze kazi za mwaka mzima, basi yale madogo nayamaliza upesi. Kamati ilikaa vikao vyake vyote. Watia saini wa benki wamebadilishwa kama mlivyoagiza. Wenzetu waliolala mwaka huu tuliwakumbuka kwenye ibada ya asubuhi, na familia zao zimepelekewa rambirambi. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina, na nawaomba mumsikilize kwa utulivu maana mwaka jana mlimkatiza mara nyingi mno.

Muda uliobaki nautaka kwa jambo moja, nalo ni njia ya matembezi yetu ya imani. Najua ndilo linalosemwa pembeni tangu Oktoba, nami naona heri lisemwe hapa mbele.

Kwa miaka yote matembezi yetu ya kutoka Machame hadi Akeri yalifuata lami. Tulishuka Boma Ng'ombe, tukaishika barabara kuu, tukapita njia panda ya KIA, ule uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, Kikatiti, hadi Usa River. Ni njia nyepesi. Haina mlima wa kutisha, na ukiishiwa maji duka liko mbele. Lakini mliotembea mnakumbuka hali ilivyokuwa: mstari mmoja mrefu pembeni mwa malori, wa mbele hamsikii wa nyuma, na anayeongoza sala anashindana na honi. Mtu anafika Akeri akiwa amechoka masikio kuliko miguu. Na kila mwaka kamati ilikuwa inalala macho ikimwomba Mungu basi lolote lisitupitie.

Mwaka huu tulipita juu. Tulianzia Nkwarungo, tukavuka bonde la Kikafu kwenda Masama, tukalala Sanya Juu. Kesho yake tukaingia nyika ya Sanya, tukipita kando ya ranchi na maboma ya Wamasai hadi Ngabobo na Ngarenanyuki. Kutoka hapo ni Momella, msitu wa Hifadhi ya Taifa Arusha, geti la Ngongongare, halafu Usa River na Akeri. Njia imerefuka, gharama zimepanda, na baadhi yenu mmesema tumeiacha njia ya wazee.

Kwa hao wanaodai lami ndiyo njia ya kihistoria, niwakumbushe kwamba mwaka 1896 hapakuwa na lami. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893. Oktoba 1896 wawili kati yao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walikwenda Meru kuanzisha kituo, wakauawa usiku pale Akeri. Waliuawa pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao, na hao huwa tunawasahau. Tunaposoma habari hii kwenye ibada ya mwisho majina mawili ya Kizungu husomwa kwa sauti, na vijana wetu waliowabebea mizigo hupita kama "wasaidizi". Nimemwomba katibu aandike upya maandishi ya ibada. Vilevile isomwe sehemu iliyofuata: jeshi la Wajerumani lilikuja kulipiza kisasi, watu wakauawa Meru na Arusha, ng'ombe wakachukuliwa. Miaka sita baadaye, mwaka 1902, kituo kikafunguliwa Nkoaranga, na Wameru wenyewe wakalijenga kanisa lililo kubwa leo. Tukiwafikia wenyeji wetu Akeri tukiwasimulia nusu tu ya habari, tunawafanya wajukuu wa wauaji ndani ya kanisa lao. Wazee wa pale ni waungwana na hawajawahi kulalamika. Mimi ninalalamika kwa niaba yao.

Sasa nyika. Jua la Oktoba pale Sanya halina mchezo, na vumbi lake linaingia hadi ndani ya soksi. Waliokuja na raba mpya walivimba malengelenge kabla ya saa nne asubuhi. Waliokuja na katambuga hawakusikia kitu. Nyuma Kilimanjaro, mbele Meru, na katikati majani makavu, migunga, punda milia kwa mbali, na nyaya za uzio. Tulipewa ruhusa ya kupita kwenye ardhi ya mifugo kwa masharti, na masharti yalikuwa ya haki: usiliache geti wazi, usiwashe moto, usitupe chupa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, lakini kifuniko cha chupa ya maji bado kinaweza kumwingia ng'ombe tumboni, na dume la ng'ombe wa aina ya Boran si mali ya kuichezea.

Hapa nimsifu mama anayeongoza jiko letu. Kila geti alikuwa anasimama pembeni na punje za mahindi kwenye mfuko wa kulia wa gauni. Kila mtu akipita, punje moja inahamia mfuko wa kushoto. Punje zikiisha upande wa kulia, anafunga geti kwa mkono wake mwenyewe na kulitikisa mara mbili. Tulikuwa na daftari la mahudhurio, tulikuwa na vijana wenye simu, lakini ni punje za mama huyu zilizotujulisha kwamba mzee mmoja amebaki nyuma kwenye kivuli akifunga kamba za viatu. Kamati imependekeza apewe cheti. Yeye amesema anataka sufuria kubwa zaidi, na nadhani tumpe sufuria.

Tulilala Ngarenanyuki kwenye uwanja wa kanisa. Wenyeji walitupokea kwa loshoro, yaani mahindi na maziwa ya mgando, na chai ya maziwa, na vijana wakatupangia matenga ya nyanya yawe viti. Usiku ule mzee mmoja wa pale alitueleza habari za ardhi waliyotukaribisha. Wengi wetu wa upande wa Kilimanjaro tulikuwa tumeisoma shuleni kwa mistari mitatu. Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ya kikoloni iliamua ukanda wa Sanya uwe wa walowezi wafugaji, na Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 wakaondolewa Ngarenanyuki kwa nguvu. Nyumba zilichomwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kule New York, akiwa na wakili Earle Seaton, akaeleza kesi ya watu wake. Mzee yule alikuwa mtoto wakati wa kuhamishwa. Alichokumbuka zaidi ni mbuzi: walitembea na mbuzi ambao hawakutaka kwenda, wakawa wanarudi nyuma kila wakiachiwa. Alieleza hivyo akicheka, na sisi tukashindwa kujua kama tucheke.

Ndugu zangu, kwa lami tusingelala pale. Tungepita Kikatiti tukinunua soda. Mtu anayetembea kwa ajili ya imani kwenye nchi iliyowahi kuporwa anapaswa kujua amekanyaga wapi, na hilo halifahamiki ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu. Hiyo ndiyo hoja yangu ya kwanza ya kuishika njia hii, na mkiikataa hoja hii za pili na za tatu hazitawasaidia.

Kuhusu maji, kwa sababu yaliletwa malalamiko. Ni kweli kamati iliwakataza kunywa maji ya bomba na ya vijito kuanzia Ngabobo hadi Momella, na ni kweli tulibeba madumu kwenye Canter kutoka Sanya Juu, jambo lililoonekana ni kuwadharau wenyeji. Wenyeji wenyewe ndio waliotuonya. Maji ya upande ule wa Meru yana madini ya floridi kwa wingi, kwa sababu ya miamba ya volkano. Mtoto anayeyanywa tangu utotoni meno hubadilika rangi yakawa kahawia, na kwa wengine mifupa hupinda. Kuyachemsha hakusaidii, maji yanapungua, madini yanabaki. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambako maji huchujwa kwa mkaa wa mifupa ili kupunguza floridi, na ndiyo teknolojia inayofaa vijijini. Glasi moja isingemdhuru mtembeaji. Lakini tulikuwa na watoto, na tulitaka pia kuacha kitu. Sehemu ya sadaka ya Ngarenanyuki ibaki palepale kwa ajili ya matangi ya kuvuna maji ya mvua shuleni. Kamati imepitisha, leo naomba mkutano uridhie.

Nije kwenye hifadhi. Barabara ya kutoka Ngarenanyuki kwenda Usa River inapita ndani ya hifadhi, na magari ya abiria hupita kila siku, kwa hiyo wengine walidhani kutembea kwa miguu ni suala la kuamua tu. Sivyo. Kwa miguu unatembea na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, unalipia, na unamtii. Baada ya Momella, tulipoyaacha nyuma yale maziwa yenye heroe, tuliingia msituni. Baridi ilishuka kama tumefungua mlango wa kanisa la mawe. Mbega walikuwa juu ya mikuyu wakining'iniza mikia myeupe, na kwaya, kama ilivyo kawaida yake, ikaanza pambio. Askari aliwaacha waimbe. Tulipokaribia Serengeti Ndogo akainua mkono, na pambio likakatika katikati ya ubeti. Mita chache ndani ya majani alikuwapo mbogo dume, peke yake, tope limemkaukia mgongoni, anatutazama. Sijawahi kuona Walutheri wengi kiasi kile wakiwa kimya bila kuambiwa tuombe. Alitutazama hadi akachoka, akageuka. Askari akasubiri tena, kisha akatupungia tupite. Pambio halikuendelea mpaka tulipofika getini Ngongongare, na hapo liliimbwa kwa ufunguo wa juu kuliko ulioanza.

Nalieleza hili kwa sababu linagusa idadi. Askari alituambia waziwazi kwamba kundi kubwa namna ile hawezi kulilinda tena. Kamati inapendekeza mwaka ujao watembeaji wa siku zote nne wawe wachache, wakigawanywa makundi mawili yatakayopishana kwa siku moja. Nimesikia hoja kwamba safari ya imani haifungwi mlango. Nakubali, ndiyo maana siku ya mwisho kutoka Usa River hadi Akeri itabaki wazi kwa kila mtu, mwenye fimbo, mwenye mtoto mgongoni, hata anayetaka picha. Lakini porini tusijisifu kwa wingi. Nikichagua kati ya umati wa barabara kuu na watu wachache wanaomsikia anayesali mbele yao, nachagua hao wachache. Mkiona nimekosea, uchaguzi uko mwezi ujao.

Kuhusu wale watatu waliopanda bodaboda Ngongongare wakashukia mita mia kabla ya kanisa la Akeri wakiwa wamejipaka vumbi usoni, kamati haitachukua hatua. Dereva mmoja wa boda alihudhuria ibada na kuwapungia mkono kwa furaha mbele ya askofu. Tumeona inatosha.

Dereva wa Canter yetu, ambaye ni Mwislamu, alisimamisha gari kila wakati wa swala na kutufundisha nidhamu ya saa ambayo ratiba yetu haikuwa nayo. Ameomba mwaka ujao aambiwe mapema vituo vya mapumziko ili alinganishe na nyakati zake. Naunga mkono, maana alikuwa na ratiba nzuri kuliko ya kwetu.

Fedha. Gharama za hifadhi, askari na maji haziwezi kubebwa na ada ya Sh 10,000. Kamati inaomba ipande hadi Sh 15,000 kwa mwanachama, na wastaafu wabaki palepale. Wenye uwezo zaidi wasisubiri kuombwa. Sharika tatu zimeahidi mchele na maharage, na hapo nawashukuru wachungaji bila kuwataja maana mmoja amenikataza.

Mafunzo ya huduma ya kwanza yatafanyika ukumbini hapa mwezi wa Agosti. Kila kiongozi wa kundi lazima ayahudhurie, hata kama ni daktari. Viatu vivaliwe nyumbani angalau mwezi mzima kabla ya safari. Barua za ruhusa kwa serikali za vijiji vya Siha na Meru zimeshaandikwa, zinasubiri mhuri.

Limebaki suala la vyoo vya Sanya Juu, ambalo watu wengi wamelileta kwangu kwa simu usiku. Tafadhali liandikeni, mlipeleke kwa katibu kabla ya kikao cha Machi, na simu yangu muiache ipumzike baada ya saa tatu.