Asante mama wa kwenye tramu, Lisbon

Jamani naomba nimshukuru mama mmoja ambaye jina lake hata sikulijua, tulikaa naye siti moja kwenye tramu ya kwenda Belém pale Lisbon, mimi nilikua naenda tu kuona lile kanisa la Jerónimos walilolianza 1501, ndani ndo kaburi la Vasco da Gama lilipo. Akaniuliza natokea wapi nikamwambia Tanzania, kusini huko Lindi, basi akachangamka kweli, akasema ukitoka Belém usirudi hotelini, nenda makumbusho ya sanaa za kale kuna kitu chenu.

Na alisema kweli. Kuna chombo cha dhahabu cha kanisani cha kuwekea Ekaristi, kimetengenezwa 1506, na ile dhahabu ni ya KILWA, ushuru ambao Vasco da Gama alimtoza sultani kwa vitisho vya mizinga. Nimesimama pale mpaka mlinzi akaanza kuniangalia. Ni kizuri mno, mitume wote kumi na wawili wamepiga magoti, wadogo wadogo, wana rangi, ila moyo uliniuma kwakweli, Kilwa Kisiwani nimefika mara nyingi, nimeingia Msikiti Mkuu, na hakuna aliyewahi kunambia habari hii.

Mnara wa Belém pale mtoni nao nimeuona, mzuri, lakini sio sana.

Mama, Mungu akupe umri mrefu, ulinichorea na ramani nyuma ya risiti yako. Obrigado sana.