Hela ya kwanza iende chini ya gari: kwa wanaogeuza Hiace kuukuu kuwa magari ya kulala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenzetu wanaonunua Hiace za zamani wakazigeuza magari ya kulala. Siku hizi ukifungua simu tu unakutana na video, kijana kanunua Hiace, kang'oa viti vyote, kaweka kitanda, kabati, sinki, taa za rangi na mapazia, na huko chini watu wanauliza bei na namba ya fundi. Mi nafurahi sana kuona hivo. Nchi yetu kubwa, na mtu mwenye mke na watoto wawili akipiga hesabu ya vyumba viwili vya gesti kila usiku kutoka Dar mpaka Kitulo, kule Nyanda za Juu Kusini, safari inafia hapohapo kwenye karatasi, sasa akiwa na gari la kulala anaweza kusimama Morogoro, akalala Iringa, akapika mwenyewe, watoto wakaiona nchi yao. Kinachoniumiza ni vile hela zinavyopangwa. Ya kwanza inaenda kwenye vitu vinavyotoka vizuri kwenye picha, na ile ya mwisho, kama imebaki, ndo inaenda kwenye breki.

Naomba iwe kinyume, na ntaeleza kwa nini.

Hiace nyingi tunazonunua zimeshatumika kweli kweli, zimekuwa daladala, zimebeba wanafunzi, nyingine zimebeba samaki kutoka Tanga au Bagamoyo. Hizo za samaki ndo za kuogopa zaidi maana maji ya barafu yenye chumvi yamechuruzika kwenye sakafu miaka yote hiyo, yakajificha chini ya mkeka, yakala bati taratibu huku nje rangi inang'aa. Kwa hiyo kabla hujatoa hela nenda na bisibisi bapa na kisumaku kidogo. Inua mkeka pale kwenye ngazi ya mlango wa pembeni, chokonoa pale sakafu inapokutana na ukuta, afu ingia chini uangalie juu ya matairi ya nyuma kwa ndani, afu panda uangalie ule mfereji wa mvua unaozunguka paa. Bati zima linagoma na linatoa mlio, bati lililooza bisibisi inazama na ukiitoa inakuja na unga wa kahawia. Sumaku nayo ipitishe kwenye bodi, ikifika sehemu ikakataa kushika ujue hapo kuna puti tupu iliyopakwa rangi. Na chesisi iangalie hasa pale springi za nyuma zinapofungwa, kwa sababu mzigo wote wa hiyo nyumba unaotaka kujenga utakalia hapo.

Kutu ikiwepo sio mwisho wa biashara, mchomeleaji mzuri anakata anaweka bati jipya vizuri tu. Lakini achomelee gari likiwa tupu! Kuna watu wanaweka plaiwudi, wanaweka sponji ya kuzuia joto ukutani, wanamaliza kila kitu, miezi michache baadaye maji yanavuja ndo wanamwita mchomeleaji, na cheche zikiangukia ile sponji gari linaungua huku mnaangalia.

Twende kwenye injini. Hizi Hiace za zamani za dizeli, yani zenye injini za 2L, 3L, 5L na ile 1KZ ya tabo, zote taimingi yake, yani ule mpangilio wa valvu kufuatana na pistoni, ni ya mkanda, na Toyota wameweka taa kwenye dashibodi imeandikwa T-BELT ambayo kwa kawaida inawaka kila kilomita 100,000 kukukumbusha kubadilisha. Sasa shida ni kwamba hiyo taa inazimika bila mkanda kubadilishwa, ni suala la kugusa kitu kidogo tu kwenye dashibodi, na kilomita nazo tunajua zinavyorudishwa. Mkanda ukikatika njiani pistoni zinagonga valvu na hapo injini imekwisha, utavutwa na lori mpaka mjini. Kwa hiyo we usimuulize muuzaji mkanda ulibadilishwa lini, weka mpya siku unayonunua, pamoja na beringi yake na pampu ya maji kama inaonyesha dalili yoyote. Matoleo yaliyotoka kuanzia 2004 yenye injini za petroli, 1TR na 2TR, hizo zina cheni, hapo unapumua kidogo.

Kuchemsha ndo ugonjwa mwingine. Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele, kuangalia oili tu lazima uinue kiti, kwa hiyo watu wanakuwa wavivu kuifungua na joto lake halipati pa kutokea kama kwenye gari lenye boneti. Ile 1KZ ikichemsha vibaya hata mara moja silinda hedi inaweza kupasuka, mafundi wote wanalijua hilo. Rejeta ifunguliwe ioshwe matope na wadudu, mipira yake ibadilishwe, uweke kulanti badala ya maji ya bomba, na termostati isitolewe eti ili injini iwe ya baridi. Na tafadhali, wanaofunga kabati nyuma ya dereva waache namna ya kiti kuinuka, nimeona gari zuri kabisa ambalo ili uangalie oili lazima ufungue misumari kumi na kitu ya kabati.

Sasa fikiria hilo gari linashuka Kitonga. Anayeijua barabara ya Iringa anajua naongelea nini, mteremko mrefu, kona, korongo upande mmoja, malori yanatambaa mbele yako na mengine yanapanda. Ukishuka pale na gari zito unakanyaga breki muda mrefu, breki zinapata moto na moto unaingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta haya yanavuta unyevu wa hewani hata kama gari limekaa tu. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205, yakishanyonya maji ya kutosha yanachemka kwenye 140 hivi, na yakichemka yanatoa mvuke ndani ya paipu, unakanyaga pedeli inaenda mpaka chini na gari haliitiki. Kumwaga yale ya zamani na kujaza mapya kila miaka miwili ni bei ndogo sana kulinganisha na yale mapazia. Halafu kuna valvu moja inaitwa LSPV, iko nyuma karibu na ekseli, ina fimbo inayopima gari limebeba kiasi gani ili igawe nguvu ya breki za nyuma, Hiace nyingi wanayo. Mafundi wengine ikisumbua wanaipita tu na paipu, matokeo yake siku ya mvua nyuma kunafunga ghafla gari linazunguka, wengine wanainua springi bila kuiseti upya, hapo valvu inadhani gari ni tupu na breki za nyuma zinakuwa dhaifu. Ulizia hiyo valvu kwa jina, msimamie fundi mpaka ameigusa. Na kushuka Kitonga ni gia ndogo kuanzia juu kabisa, usisubiri unuse harufu.

Matairi ntasema kifupi. Hiace inataka matairi ya mzigo, yale yameandikwa C mwishoni na 8PR, usiweke ya gari ndogo. Na ubavuni kuna tarakimu nne, ukikuta 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa juani miaka na miaka linapasuka hata kama meno bado yapo.

Uzito. Watu hawapimi kabisa. Plaiwudi moja ya milimita 18, ile shiti nzima ya futi 4 kwa 8, ina kilo 30 na ushee, MDF inakaribia 40 na ikilowa inavimba kama mkate kwenye chai. Maji lita 60 ni kilo 60, betri ya 100Ah (ampea-saa 100) ya asidi ni kilo 25 mpaka 30, bado mtungi, bado godoro, bado nyie wenyewe na mizigo yenu. Tumia plaiwudi ya 12 au 9 pale panapowezekana, vizito vikae chini na mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, afu ukimaliza omba kupima kwenye mizani ya mazao au ya chuma chakavu ulinganishe na uzito ulioandikwa kwenye gari. Kabati zifungwe kwa bolti na washa zilizotoboa sakafu, maana skrubu za mbao zinalegea kwenye barabara ya vumbi na siku ya breki ya ghafla kabati linakufuata shingoni. Mtoto asikae kitandani gari likitembea, bakiza viti vyenye mikanda kwa idadi ya watu wako.

Umeme ndo kitu ambacho nimeona kikifanywa vibaya kuliko vyote. Fundi wa nyumba anaitwa, anakuja na waya wake wa nyumbani, ule wenye uzi mmoja mgumu wa shaba. Kwenye ukuta wa nyumba hauna neno maana nyumba haitembei. Kwenye gari unatikiswa mpaka unakatika ndani ya plastiki bila kuonekana. Nilishafunguliwa jopo la ubao kwenye Hiace moja nikaonyeshwa, waya ulipoingia kwenye swichi ulikuwa umebaki unagusana tu, plastiki imekuwa nyeusi, na ubao nyuma yake una doa la kuungua ukubwa wa sarafu, wenye gari walikuwa wanalalamika tu kwamba taa inachezacheza. Tumieni waya laini wa magari wenye nyuzi nyingi, upite ndani ya mpira kila unapotoboa bati, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, ikikaa mbali ile sehemu yote ya katikati haina ulinzi. Betri ya kulala iwe tofauti na ya kuwashia gari.

Na hesabu ifanyike kabla ya kununua. Friji ndogo ya 12V yenye kompresa inakula kama wati 45 ikiwa inafanya kazi, tuseme inafanya kazi asilimia 40 ya siku, hiyo ni kama 36Ah kwa saa 24. Betri ya asidi ya 100Ah usiishushe chini ya nusu, ikionyesha volti 12.1 ikiwa imetulia iache, kwa hiyo una 50Ah za kutumia na friji peke yake imemaliza sehemu kubwa. Sola ya wati 100 kwa jua letu inarudisha kama hicho hicho kinacholiwa na friji, siku ya mawingu hairudishi, ndo maana nasema anza na wati 200. Birika la umeme la wati 1500 linavuta zaidi ya ampea 125 kutoka kwenye hiyo betri kupitia inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, liacheni nyumbani, chemsheni maji kwa gesi.

Na gesi ndo imenifanya niandike. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, inashuka inalala sakafuni, na sakafuni ndo kuna kitanda, friji na waya. Mtungi wa kilo 6 ufungiwe kwenye boksi lake lisilo na upenyo wowote kuja ndani, na boksi liwe na tundu chini linalotokea nje ya gari, tundu hilo lisizibwe hata kama vumbi linaingia. Mpira wa gesi ufungwe kwa klempu, kila kiungo kipakwe maji ya sabuni mtungi ukiwa wazi, ukiona povu linakua funga mtungi urekebishe, usipime kwa kiberiti jamani. Na mtungi unafungwa pale juu kwenye valvu yake kila mnapoanza kutembea.

Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari mkiwa mmelala, hata likiwa limebaki majivu yenye moto. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za watu waliolala na jiko chumbani wakakutwa wamekufa, na kile ni chumba, kina nyufa, kina mlango wa mbao. Hiace ukifunga vioo ni ndogo mara nyingi kuliko chumba na inabana hewa zaidi. Ile kaboni monoksaidi inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala haiwashi macho, mtu anasikia usingizi tu. Acheni vioo viwili wazi kidogo usiku kucha, upande huu na upande ule, wekeni wavu wa mbu, na blanketi za kutosha.

Nawaomba VETA waangalie kama wanaweza kuandaa kozi fupi kwa mafundi wa hii kazi, gesi na umeme wa 12V ndani ya gari, maana saa hizi fundi seremala ndo huyohuyo anafunga mtungi. Wenye magari nao wakaongee na bima zao wawaambie wazi gari limebadilishwa, wasisubiri ajali ndo iwaelezee.

Mhariri, kama utaweza naomba barua hii itoke kabla ya Juni. Kitulo ni zaidi ya mita 2,600 juu ya bahari, Juni na Julai usiku kunaganda, na watu watapanda huko na Hiace zao.

Wako,
Msomaji, Morogoro