Malalamiko: Gari la Kambi Lenye Nyaraka za Gari Jingine, na Mbwa Wangu Waliokwama Namanga

Meneja,
Kitengo cha Kukodisha Magari,
Arusha.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa Njiro. Nilikodi kwenu gari la kambi, lenye kitanda na jiko, kwa safari ya familia kwenda Naivasha, Kenya, kupitia Namanga. Tulikuwa na mbwa wawili, Tomi na Bahati, na hilo mlilijua kabla sijalipa hata shilingi. Mhudumu wenu alinijibu kwa maandishi: "Mbwa hawana shida, nyuma kuna feni na dirisha la wavu." Ujumbe huo nimeuambatanisha.

Asubuhi ya safari nikakabidhiwa gari jingine. Lile tulilokubaliana, nikaambiwa, liko gereji. Hili jipya dirisha lake la nyuma limezibwa kwa silikoni na feni ya darini haizunguki. Nililalamika palepale, na kasoro zote mbili zimeandikwa kwenye fomu ya makabidhiano kwa mkono wa mfanyakazi wenu. Kusubiri fundi haikuwezekana. Mbwa anayeingia Kenya anahitaji kibali kutoka Idara ya Huduma za Mifugo ya huko, cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa serikali, na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Karatasi hizo zina tarehe, na tarehe hazimsubiri fundi.

Kwa wasafiri, Namanga ni kituo cha pamoja: ukitoka Tanzania unakaguliwa mara moja tu, upande wa Kenya. Uhamiaji tulipita haraka. Ofisa wa mifugo alisoma vyeti, akainama akalinganisha baka jeupe la shingoni mwa Bahati na maelezo ya kwenye karatasi, akagonga muhuri. Nyaraka za mbwa wangu zilipita zote. Zilizokwama ni za gari lenu. Barua ya idhini ya kutoa gari nje ya nchi na kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya kuvukia mpaka, zote zilikuwa na namba ya gari lililobaki gereji. Simlaumu ofisa wa forodha hata kidogo. Gari la kukodi lisilo na barua ya mwenyewe linaweza kuwa la wizi, na kazi yake ni kulizuia.

Nikapiga namba yenu ya dharura, ile mliyoibandika kwenye kioo. Iliita, ikakatika, ikaita tena. Jua la Namanga mnalijua. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Joto lake hulitoa kwa kuhema. Bahati ni mzee. Alihema hadi mate yakawa mazito kama gundi, ufizi ukaiva wekundu, miguu ya nyuma ikaanza kulegea. Tulimshusha, mke wangu akalowesha kanga akamfunika tumbo na nyayo. Mama mmoja muuza matunda alitupisha kwenye kivuli cha kibanda chake, akatuletea ndoo ya maji, na fedha akakataa. Kama si yeye, leo ningekuwa naandika barua nyingine.

Barua sahihi mliituma kwa barua pepe jua likizama. Tukalala Namanga, na nafasi yetu ya kambi kando ya ziwa ikapewa wengine. Hifadhi za taifa za Kenya haziruhusu mbwa wa kufugwa, kwa hiyo mwenye mbwa hana kambi nyingi za kuchagua. Ile tuliitafuta kwa muda mrefu.

Tuliporudi mkakata sehemu ya amana yangu kwa sababu ya "manyoya na harufu ya mbwa". Viti tulivitandika shuka mwanzo hadi mwisho, na kabla ya kurudisha gari nililifagia na kulifuta. Picha ninazo, zimo kwenye viambatanisho.

Nadai amana yangu irudishwe yote, pamoja na kodi ya siku tuliyoipoteza mpakani na malipo ya kambi yaliyoteketea. Nadai pia gari hilo lisipewe mtu yeyote mwenye mnyama hadi dirisha lifunguke na feni izunguke. Na kabla ya gari lenu lolote kuelekea mpakani, mtu asimame mbele yake, asome namba ya gari, kisha asome karatasi. Haichukui hata dakika moja.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita kimya, nitaipeleka pamoja na viambatanisho vyake Tume ya Ushindani, ambayo humlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Naomba majibu yawe ya maandishi, si ya simu.

Wenu,
Mteja, Njiro, Arusha.

Viambatanisho: ujumbe wa mhudumu, fomu ya makabidhiano, nakala za barua zote mbili za idhini, risiti ya kambi, picha.