Mama, hela ya mabati nitaituma tena, ila sikilizeni kwanza

Houston, Texas

Shikamoo Mama.

Aika, wewe ndiye utakayemsomea. Usiruke mahali, hata pale panapomgusa Godlisten.

Habari ya ile laki nne ya mabati iliyokwenda kwa tapeli nimeipata. Najua mvua za vuli hazimsubiri mtu na banda la ng'ombe liko wazi. Hela hainiumi. Kinachoniuma ni Baba mdogo kuambiwa kwenye kikao kwamba nimebadilika, nimekuwa bahili, kisa nimekataa kutuma picha ya kadi yangu kwenye grupu la ukoo. Hela iliyopotea na picha niliyoikataa ni jambo moja, na leo nataka tulimalize.

Godlisten, ulitaka picha ya mbele na ya nyuma ili ununue simu mtandaoni. Mbele kuna namba ya tarakimu 16 na tarehe ya kadi kuisha, nyuma kuna tarakimu tatu. Vikikaa pamoja hivyo, maduka mengi ya mtandaoni hayaulizi namba ya siri kabisa. Aliyevishika ndiye mwenye kadi. Na picha ikishaingia kwenye grupu inajihifadhi kwenye simu ya kila mmoja wenu, pamoja na ile ya Eliudi aliyoiuza Kiborloni bila kufuta kitu. Ningeitoaje tena humo?

Ukilipa dukani kwa mkono mambo ni tofauti kidogo. Kile kipande kinachong'aa kwenye kadi, chipu, hutengeneza namba mpya kwa kila muamala, kwa hiyo anayeinasa leo haitamfaa kesho. Mstari mweusi wa nyuma hauna uwezo huo, unatoa maelezo yaleyale kila siku. Ndiyo maana wezi hubandika kifaa chembamba kwenye mdomo wa ATM kinakili ule mstari, na kamera ndogo juu ya vitufe ione vidole vyako, kwa sababu namba ya siri huwezi kuisoma kwenye mstari. Aika, ukifika kwenye mashine, shika ule mdomo uutikise kabla hujaingiza kadi. Mdomo huo ukicheza, ondoka. Wakati wa kubonyeza, mkono wa pili uwe juu ya vitufe kama paa. Kadi ikinasa, akitokea mtu wa foleni akakwambia "rudia namba yako nikusaidie", huyo usimkubali hata akiwa na suti. Mara nyingi ndiye aliyeweka kizuizi, anasubiri uondoke aitoe. Baki hapohapo upige simu benki. Namba ya benki iwe kwenye simu yako tangu nyumbani, maana iliyoandikwa nyuma ya kadi imemezwa pamoja na kadi, na iliyobandikwa kwenye ukuta wa mashine inaweza kuwa ya kwao.

Huku sheria inanilinda kwenye kadi ya mkopo: mwizi akiitumia, hasara yangu haivuki dola 50. Kadi inayochota moja kwa moja kwenye akaunti siyo hivyo. Nikitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu nijue imepotea, ni dola 50. Nikichelewa, inapanda hadi 500. Nikiacha siku 60 zipite tangu benki initumie taarifa ya akaunti, kitakachochotwa baada ya hapo naweza nisikione tena. Kwa hiyo kwenye vituo vya mafuta natumia ya mkopo tu, na taarifa ya benki naisoma mstari kwa mstari, hata kiasi cha dola moja. Mwizi huanza na kidogo kujaribu kama kadi iko hai.

Mama, hili ulitangaze kanisani ukipenda: alama zangu za mikopo, zile wakopeshaji wa huku wanazotazama kujua kama unalipa madeni, zimefika 812, na za juu kabisa ni 850. Ni miaka sita ya kulipa kila bili kwa siku yake. Hizo ndizo zitakazonipa nyumba. Lakini mtu akipata jina langu, tarehe ya kuzaliwa na ile namba yangu ya tarakimu tisa ya huku, Social Security, anaweza kuchukua mkopo wa gari kwa jina langu, nami nikaja kujua deni likishakomaa. Nimeziba. Nimefunga taarifa zangu, mkopeshaji asizione, kwa wote watatu wanaotunza kumbukumbu za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, mmoja mmoja, kwa kuwa kufunga kwa mmoja hakufungi kwa mwingine. Tangu Septemba 2018 ni bure. Nikihitaji mkopo nafungua mwenyewe mtandaoni, na sheria inawapa saa moja tu kuifungua. Mwambieni na binti wa Mama Manka aliyeko Dallas afanye hivyo leo.

Sasa ya huko. Mama, hukuwa mjinga. "Ile hela itume kwenye namba hii" hupelekwa kwa maelfu ya watu, na kati yao hakosi mmoja aliyeshika hela ya fundi mkononi. Siku ile alikuwa wewe. Tapeli hakujua habari za banda wala mabati. Safari nyingine, kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina la mpokeaji linalotokea kwenye simu. Kama siyo la fundi, sitisha, umpigie fundi kwa namba yake ya zamani. Na meseji ya "umepokea" isiaminiwe mpaka umeangalia salio kwenye menyu. Aika, meseji za namna hiyo zisambazwe kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Hela ikishatoka kimakosa, piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, dakika hiyohiyo, kwa sababu ikishatolewa kwa wakala hairudi.

Halafu namba ya siri ya Mama. Chukueni kitambulisho cha NIDA mkiangalie. Namba ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mama ametumia mwaka wake wa kuzaliwa kama namba ya siri, na kivuli cha kitambulisho chake kimeachwa kila ofisi ya mjini. Ibadilishwe usiku huu. Na kila kivuli kinachotolewa kiandikwe juu yake kwa kalamu, kukatiza picha: kimetolewa kwa kazi gani na tarehe gani.

Godlisten, uliposajili laini pale stendi ulisema kidole kilikataa, ukarudia mara tatu. Kidole cha pili kinaweza kuwa kimesajili laini ya mtu mwingine kwa jina lako, na akitapeli, polisi watakuja Kibosho. Piga *106# uone namba zote zilizo chini ya kitambulisho chako. Usiyoijua, nenda duka la kampuni ya simu husika na NIDA yako waiondoe. Na simu ikikosa mtandao ghafla wakati za wenzako zinashika, usingoje asubuhi: huenda mtu amehamisha laini yako. Azima simu, pigia benki wafunge akaunti.

Leo Jumapili nimepika mtori kwa ndizi za dukani. Hazikukubali. Nimekula nikiwaza moshi wa jikoni kwako, Mama, na ule mgomba wa nyuma ya banda, sijui kama bado upo.

Hela nitaituma Jumamosi, saa mbili usiku ya huko, kwa namba ya Aika, nikiwa kwenye simu na Mama. Nitamuuliza neno moja la Kichagga naye atanijibu, ndipo nitume. Neno lenyewe nitamwambia kwa mdomo. Siliandiki hapa.