Kwa mafundi seremala vijana wa Lushoto: tukaushe mbao kwanza

Wanangu na wajukuu zangu mnaoshika randa na patasi, kuanzia Soni hadi Lushoto mjini, na ninyi wa Magamba, Lukozi na Mlalo,

Nawasalimu. Nawaandikia kwa sababu naona milango inarudi. Mlango umetengenezwa huku juu, umeteremka zile kona mpaka Mombo, umefungwa kwenye nyumba ya mtu Tanga. Miezi michache baadaye bamba limepasuka katikati, ulimi wa maungio unacheza ndani ya tundu lake, na usiku taa ya sebuleni inaonekana kwenye maungio. Mwenye nyumba hailaumu saipresi ya Shume. Anatulaumu sisi, na ana haki.

Kasoro hiyo haitokani na mikono yenu. Nimewaona wengi mkichonga vizuri kuliko tulivyochonga sisi kwa umri wenu. Inatokana na maji yaliyomo ndani ya ubao. Mji wetu uko juu, kama mita 1,400 hivi, na wakati wa baridi ukungu hukaa mpaka jua limepanda. Ubao uliopasuliwa wiki iliyopita ukiupapasa unauona mkavu, kumbe ni ngozi tu iliyokauka. Mombo iko karibu mita 1,000 chini yetu, kwenye joto na upepo mkavu wa bonde. Kazi yako ikifika huko ndipo ubao unapoanza kukauka kwa kweli, na wakati huo umeshaupiga gundi na misumari, hauna pa kwenda ila kupasuka.

Ubao haupungui urefu kiasi cha kuonekana, hupungua upana. Ule uliopasuliwa pembeni mwa gogo hupungua zaidi kuliko ule uliopita kwenye kiini. Kwa hiyo bamba la mlango msiligundishe kwenye fremu. Liacheni huru ndani ya mfereji wake, na mwache nafasi ndogo pande zote mbili ili lipumue. Anayepigilia misumari bamba zima ili lisilie, analipasua mwenyewe.

Na kabla ya hapo, kausheni. Inueni mbao juu ya matofali, zisiguse ardhi. Kati ya tabaka na tabaka wekeni vijiti vya unene mmoja, na vijiti vyote vipangane wima, kimoja juu ya kingine, la sivyo mbao zitapinda kama mgongo wa ngamia. Juu ezekeni bati, pande ziacheni wazi upepo upite. Ncha za ubao zipakeni rangi, kwa kuwa ndizo hukauka haraka na kuanza kupasuka. Saipresi ya inchi moja inataka miezi, siyo siku. Mbao ngumu ya inchi mbili inaweza kutaka zaidi ya mwaka. Kama huamini macho yako, chagua ubao mmoja kutoka katikati ya rundo, upime kwenye mzani, andika uzito kwa penseli juu yake, urudishe mahali pake, kisha rudia kila wiki. Ukiona uzito hausogei tena, anza kazi.

Najua mtasema: Mzee, mteja ana haraka na kodi ya banda inadai. Ni kweli. Ndiyo maana naona fundi mmoja mmoja hataweza, na mwishoni nitawaomba tufanye jambo pamoja.

Kabla ya hapo, jambo la mkulo, ule mti wa mbao wa msitu wetu wa asili, nalisema kwa ufupi. Mji huu ulikuwa Wilhelmstal ya Wajerumani. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na kabla ya Vita ya Kwanza palikuwa na kiwanda cha kupasua mbao huko Shume, kikiteremsha mzigo kwa waya mpaka kituo cha Mkumbara. Miti iliyoshuka hapo ilikuwa ya msitu wa asili, iliyokua bila kupandwa na mtu. Misindano na saipresi mnayoranda leo ni ya kupandwa, na inatutosha. Mkulo huota taratibu, mara nyingi kwa chipukizi za mizizi. Basi anayekuletea ubao wa mkulo usiku bila hati ya kusafirishia, mrudishe na ubao wake. Magamba ni hifadhi, na maji ya mabonde yetu yanatoka humo.

Afya zenu pia. Vumbi la mbao linahesabiwa na wataalamu wa saratani miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani ya pua. Funikeni pua mnapopiga msasa. Vipande vya mbao zilizotiwa dawa, zile za kijani, msiwape kina mama wapikie. Moshi na majivu yake vina sumu.

Ombi langu ni hili. Tujenge banda moja la kukaushia, la pamoja, pale ambapo upepo haukatiki. Kila fundi alete mbao zake, aandike jina na tarehe ya kupasuliwa, na asiuze mtu ubao wa mwenzake. Wanafunzi wenu wageuze na kupima, wajifunze hapohapo. Mimi nitatoa nguzo na bati za paa la kwanza. Mahali tutakubaliana pamoja. Nataka tuanze kuchimba mashimo ya nguzo kiangazi hiki, kabla mvua za vuli hazijaanza.

Ni mimi mzee wenu, seremala.