Homa ya ini si homa ya manjano

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka kumi na tisa bila kukuandikia hata mstari mmoja. Ile taarifa yenu ya kulinganisha magonjwa ya virusi yenye chanjo imenishinda kuinyamazia.

Mmeyapanga kwa vifo vya mwaka, kama timu kwenye msimamo wa ligi, polio mkaiweka mkiani na kuiita "tishio dogo". Mwaka 1988 ilikadiriwa kuwa na wagonjwa 350,000. Leo virusi vyake vya asili vinaendelea kuzunguka Afghanistan na Pakistan tu, na kilichovibana humo ni matone ya chanjo. Ndui nayo, iliyotangazwa kutokomezwa mwaka 1980, mngeipa nafasi gani? Sifuri?

Lakini kilichonitoa machozi ni homa ya ini B. Mmeipa sentensi moja, tena mkaiita homa ya manjano na kuiwekea picha ya mbu! Homa ya manjano ndiyo huenezwa na mbu. Homa ya ini B hupita kwenye damu, kwenye ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Kaka yangu alikuwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, aliyochanjwa kwa ajili ya safari. Kila tulipomsihi akapime ini alituonyesha ile kadi: "Manjano nimeshachanjwa." Aliamini hivyo mpaka tumbo lilipoanza kujaa maji. Saratani ya ini, iliyoletwa na homa ya ini B, ilimmaliza ndani ya miezi minne. Daktari alituambia huenda virusi hivyo alivipata akizaliwa, kwa kuwa mtoto mchanga akiambukizwa, mara 9 kati ya 10 virusi humkaa maisha yote, ilhali kwa mtu mzima ni chini ya mara 1 kati ya 20. Mwaka 2022 homa ya ini B iliua watu wapatao milioni 1.1. Surua, mliyoipa nusu ukurasa (na inaustahili), iliua kama 107,500 mwaka 2023.

Na kwa kuwa nimeitaja surua: mbona hamkuandika juu ya akina mama wanaorudishwa na watoto wao kwa sababu muuguzi hataki kufungua chupa ya dozi 10 kwa mtoto mmoja? Ni kweli chanjo hiyo ikishachanganywa na maji yake, inayobaki humwagwa baada ya saa 6. Basi imwagwe. Surua haizuiliki mpaka watoto 95 kati ya 100 wapate dozi zote mbili, na huyo aliyerudishwa huenda asirudi tena.

Naomba lile jedwali lichapishwe upya, ukurasa uleule, mbu aondolewe, na iongezwe safu ya miaka inayopita tangu mtu aambukizwe hadi afe. Chini yake, kwa herufi nene, mwambieni kila mjamzito aulize mapema kama mtoto wake atapata chanjo ya homa ya ini B ndani ya saa 24 za kuzaliwa.

Msomaji wenu wa siku nyingi